Ghorofa ya Chini na Maji Yake: Chokaa, Saruji na Nyumba za Mawe za Pwani

Kule ambako ardhi huganda kila majira ya baridi, mwashi hana hiari: msingi lazima uteremke chini ya kina kinachofikiwa na barafu, la sivyo ardhi ikivimba itaiinua nyumba na kuipasua. Akishachimba hivyo, kuongeza chumba ndani ya shimo si gharama kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi za Amerika Kaskazini na Ulaya kuwa na vyumba chini ya ardhi. Vyumba hivyo vilileta ugomvi na maji ambao haujaisha hadi leo. Mwaka 1859 Henry Flagg French, hakimu na mkulima wa New England, alichapisha kitabu kuhusu kuondoa maji mashambani kwa mitaro iliyofukiwa, na wenye nyumba wakaihamisha mbinu hiyo ya shambani hadi kwenye misingi yao. Baadaye zikafuata lami, pampu na rangi za kuziba. Pwani ya Afrika Mashariki haijui barafu. Nyumba ya mawe ya Lamu, Mombasa au Unguja husimama juu ya msingi mfupi, mara nyingi juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, na shimo lililo chini yake, kama lipo, ni la kisima au la choo. Unyevu hata hivyo haukukosa. Kazi ambayo kwingine ilifanywa na chumba cha chini ya ardhi, hapa ilifanywa na ghorofa ya chini: ndiyo iliyopokea maji ya udongoni, chumvi ya bahari na matone ya masika, ili walio juu wakae pakavu.

Ninalotaka kuonyesha ni kwamba mafundi wa pwani hawakuwahi kuuziba unyevu katika kuta zao. Waliupa njia ya kutokea na mahali pa kukaa, na mahali hapo palikuwa na watu. Saruji ilikuja na ahadi ya kuufukuza kabisa, na kuta zilizojengwa kwa mantiki nyingine zikaanza kuoza kutoka ndani. Lakini kuilaumu saruji peke yake ni kusoma nusu ya historia. Nusu ya pili ni ya kazi, kodi na nani aliyelazimika kulala chini.

Jiwe ndilo la kuanzia. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Mark Horton ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya awali ikiwa ya miti na udongo, kisha, kufikia karne ya 10 hivi, ya mawe. Mawe hayo yalikuwa matumbawe yaliyokatwa baharini, ambayo yakiwa mabichi hukatika kwa urahisi na yakikauka huwa magumu. Baadaye waashi waligeukia zaidi mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyo na umbo, wakayashika kwa chokaa, na tumbawe laini la baharini likabaki kwa kazi za kuchonga, kama vile mihrabu na miimo ya milango. Haikuwa nyumba ya kila mtu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, wakati ambapo sultani wa mji alikuwa na jumba kubwa la mawe la Husuni Kubwa, aliandika kwamba nyumba za mji huo ni za miti. Mawe yalikuwa ya watawala, ya misikiti na ya matajiri, na yalihitaji kuni kwa wingi. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo: magogo hupangwa katika tanuu la duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa hadi joto likafika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe likapoteza hewa yake ya kaboni na kuwa jepesi. Likimwagiwa maji hufukuta na kuwa unga. Unga huo ukitiwa ukutani hunywa polepole kutoka angani ile hewa uliyoipoteza tanuuni, na kwa miaka mingi hurudi kuwa kitu cha aina ya lile jiwe ulilotokana nalo. Kwa hiyo ukuta wa pwani ni tumbawe lililoshikwa na tumbawe, na wote ni wa vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha maji na hewa.

Mtu anaweza kusema kwamba waashi hao waliacha kuta zao zipitishe maji kwa sababu hawakujua kuziba. Ushahidi unakataa. Katika Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane la kuogea, lililokaa wazi kwenye ua karne saba zilizopita. Misikiti ya pwani, kuanzia Gedi hadi Kilwa, ilikuwa na mabirika ya kutawadhia yaliyosiribwa kwa chokaa nzito iliyosuguliwa hadi ikang'aa, yakilishwa maji kutoka kisimani kwa mifereji midogo. Ngome ya Yesu huko Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, isingestahimili kuzingirwa bila tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Huko Unguja, Sultani Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Barghash akawajengea watu wa mji hamamu ya Hamamni. Chombo cha kushika maji, basi, walijua kukitengeneza, na kwa chokaa hiyohiyo.

Tena waliijua kazi hiyo hata juu ya vichwa vyao. Paa la kale la nyumba ya mawe lilikuwa bapa: boriti za mikoko zikipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto. Hiyo ndiyo sakafu, neno linalotaja paa la namna hiyo na pia chini ya chumba cha ghorofani. Kuisakifu ilikuwa kazi ya siku kadhaa, kundi la watu likiipiga kwa vijiti kwa mwendo mmoja, kwa ngoma na nyimbo, hadi chokaa ikakazana na nyufa zikafungika kabla haijakauka. Mteremko mdogo uliyapeleka maji kwenye mifereji iliyotokeza nje ya ukuta. Nguvu yote hii ilitumika pale ambapo maji yanasimama au yanapita kwa wingi. Ukutani, ambako maji hupanda kimyakimya kutoka ardhini, hawakusiriba kwa namna ya birika. Mchanganyiko wa ndani ya ukuta mara nyingi ulikuwa chokaa kidogo na udongo mwekundu mwingi, na uso ukapakwa chokaa nyembamba. Sidhani tunahitaji kuwapa nadharia ya fizikia. Chokaa nzuri ni ghali, na desturi huchuja: kilichodumu huigwa, kilichoporomoka huachwa.

Hata hivyo fizikia yenyewe inaeleza kwa nini desturi hiyo ilidumu. Maji ya ardhini hupanda katika vitundu vya jiwe kama mafuta yanavyopanda katika utambi, na yanapofika penye hewa hukauka. Kimo cha unyevu ukutani ni matokeo ya mashindano kati ya kupanda na kukauka. Pwani maji hayo hubeba chumvi, kwa sababu jiwe limetoka baharini, mchanga mara nyingi umechotwa ufukweni, na upepo wenyewe una chumvi. Maji yakikauka chumvi haina pa kwenda. Huganda kuwa fuwele, na fuwele ikikua huvunja kilichoizunguka. Ukuta ukiwa na uso wa chokaa laini, fuwele hukua usoni: rangi hubanduka, unga mweupe humwagika chini, na chumba huonekana kibaya. Lakini kilichoharibika ni chokaa nyembamba iliyowekwa ili iharibike. Inakwanguliwa, inapakwa upya, na jiwe linabaki salama. Mgeni anayeona ukuta uliochunika chini huona nyumba mbovu; fundi wa zamani alikuwa anaona ukuta unaotoa jasho lake.

Mpango wa nyumba ulisaidia. Ua wa ndani uliiweka hewa katika mwendo, baraza la mbele liliyasukuma maji ya njiani mbali na mguu wa ukuta, na kuta za nusu mita na zaidi zilikuwa na nafasi ya kunywa mvua ya siku nzima na kuitoa jua likitoka. Huko Gedi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948, nyumba za mawe zina nyua zilizozama pamoja na mashimo ya kupokea maji ya mvua, dalili kwamba kabla ya kufikiria ukuta, mjenzi alikuwa amekwisha kufikiria maji yataelekea wapi. Kanuni hiyo haipishani na ya Henry French: maji yapelekwe mbali kwanza.

Ila chini palibaki pabichi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu nyumba ya kale kana kwamba ilikuwa imetatua kila kitu. Katika nyumba za ghorofa za matajiri wa Lamu na za Waarabu wa Unguja ya karne ya 19, chini palikuwa pa ghala, pa jikoni, pa watumishi na watumwa, madirisha yakiwa machache na madogo kuelekea njiani. Familia ilikaa juu, kwenye upepo. Katika nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi chini palikuwa duka. Karafuu, ngozi na pembe zilivumilia giza na unyevu kwa muda mfupi kabla ya kupakiwa. Watu waliolala kando yake walivumilia kwa miaka. Nao ndio waliobeba kazi ya kuidumisha nyumba: kukwangua, kuchuja, kupaka, kusakifu upya baada ya masika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Tokea hapo kila mkono wa chokaa ulikuwa na ujira wake. Nyumba haikubadilika, lakini bei ya kuiweka hai ilipanda, muda mrefu kabla mfuko wa saruji haujawa kitu cha kawaida katika maduka ya mji.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds. Kwa muda mrefu pwani yetu iliipata kwa meli. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuizalisha mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale yaleyale ambayo waashi wa zamani walikuwa wakiyachoma tanuuni. Cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Ghafla kulikuwa na unga unaokauka kwa siku chache badala ya miezi, usiohitaji tanuu wala fundi aliyejifunza kwa baba yake. Kwa mpangaji mwenye ukuta unaochunika, lipu ya saruji ilikuwa jibu la wazi: ngumu, laini, kavu kwa kuitazama.

Kavu hiyo ni ya muda. Lipu ya saruji haisimamishi maji yanayopanda kutoka ardhini, inayanyima tu mahali pa kukaukia. Yasipoweza kutoka chini hupanda juu zaidi, na baada ya misimu michache doa lililokuwa magotini liko begani. Chumvi nayo, badala ya kuganda usoni, huganda nyuma ya lipu, ndani ya jiwe na udongo mwekundu. Lipu hubaki imesimama kama ganda, ikigongwa inalia tupu, na siku inapoanguka huanguka na kipande cha ukuta. Juu zaidi, ncha za boriti zilizozikwa ukutani, ambazo zamani zililowa na kukauka, sasa hukaa katika unyevu wa kudumu, chakula cha kuvu na mchwa. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko mawe inayoyafunika, nyumba inapocheza kidogo, kama nyumba zote zinavyocheza, saruji haifuati. Hupasuka, na ufa mwembamba hunyonya mvua ambayo uso mzima sasa hauwezi kuitoa.

Watetezi wa saruji wana hoja, na si za kupuuzwa. Wanasema, kwanza, kwamba nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa leo, yenye karatasi ya nailoni au tabaka la lami kati ya msingi na ukuta, hukaa kavu kuliko nyumba yoyote ya chokaa. Ni kweli. Lakini nyumba hiyo ilizaliwa na kizuizi chake chini. Ya Mji Mkongwe wa Unguja haina, na lipu ya usoni haiwezi kukaa mahali pa kitu kilichopaswa kuwekwa msingini. Wanasema, pili, kwamba magofu ya chokaa yamejaa pwani nzima. Hilo nalo ni kweli, ila gofu la Gedi limekaa bila paa kwa mamia ya miaka na kuta zake bado zimesimama. Ukuta wa aina hiyo ukitiwa lipu ya saruji na kuachiwa paa bovu haungoji muda huo. Hoja ya tatu ndiyo inayonishawishi zaidi: nyumba ya pwani haikuwahi kuwa sanamu ya kugandishwa. Mapaa bapa ya Unguja, kisiwa kinachopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, yalivuja, na wenyewe wakayafunika kwa vigae na baadaye mabati yaliyoinama. Mabati ni kitu cha kiwandani kilichotoka nje, na yaliokoa nyumba nyingi. Sioni mgongano. Bati huyaondoa maji kabla hayajagusa ukuta, kwa hiyo liliingia katika mantiki ya zamani na kuifanya kazi yake vizuri zaidi. Lipu ya saruji huyafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia. Ugeni wa kitu haukuwa tatizo.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, nyumba zikataifishwa, na majumba ya familia moja yakagawanywa kwa familia kadhaa. Ghorofa ya chini iliyojengwa kuwa ghala ikawa vyumba vya kulala, safari hii si kwa amri ya bwana bali kwa uhaba wa makazi. Kodi ilikuwa ndogo, jambo la haki kwa mpangaji, lakini hakuna aliyekuwa na fungu la paa. Vyoo na mabomba viliongezwa juu ya boriti zisizowahi kukusudiwa kubeba maji, na bomba linalovuja ghorofani hulowesha ukuta mwaka mzima, kitu ambacho masika hayawezi. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na uchunguzi wa miaka ya 1990 ulihesabu majengo 1,709, takriban robo tatu yakiwa yamechakaa. Mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Kazi ya miaka ya 1990 ya kulikarabati jengo la Zahanati ya Kale, lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, ilionyesha kwamba chokaa inaweza kurudishwa katika jengo kubwa na mafundi vijana wakajifunza kuitumia.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani huko Unguja, inaonyesha ukomo wa hoja zote mbili, ya chokaa na ya vitu vya kiwandani. Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa kuta za matumbawe, lakini kumbi zake pana zisingewezekana kwa boriti za mikoko, ambazo haziruhusu chumba kuzidi mita tatu hivi. Aliagiza nguzo na mihimili ya chuma. Jengo likawa ndoa ya vitu viwili visivyolingana mbele ya maji. Jiwe hulowa na kukauka bila madhara makubwa. Chuma kikilowa hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma na kupasua kilichokizunguka. Ndoa hiyo ingedumu kwa sharti moja, paa lisivuje, na paa lilivuja. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa na kuua watu wawili. Anayetaka kuliingiza jengo hili katika kesi ya chokaa dhidi ya saruji atapata shida. Lilishindwa mahali ambapo nyumba yoyote hushindwa, juu kabisa, kwenye kazi ya kila mwaka isiyofanywa.

Mpinzani wa mwisho ni mhifadhi wa mazingira. Chokaa ya tanuu hula kuni na matumbawe, boriti hula mikoko, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje ya nchi mwaka 1982 kwa sababu za msingi. Anayependekeza kurudi kwenye chokaa kwa majengo mapya ya mji mzima anapendekeza msitu uondoke. Kwa matengenezo mambo ni tofauti: ukuta uliokwisha kujengwa unahitaji ngozi tu, mawe ya nchi kavu yanatosha kuichoma chokaa hiyo, na boriti isiyooza haihitaji kubadilishwa.

Swali la fedha ndilo gumu, na pwani ilikuwa na jibu lake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Katika sheria ya Kiislamu pato la wakfu hutengeneza kwanza mali yenyewe. Wanaonufaika, wawe ndugu, maskini au msikiti, hupata kinachobaki. Kanuni hiyo iliifanya chokaa ya mwaka ujao kuwa deni la kodi ya mwaka huu, kabla mtu yeyote hajala. Kodi ilipoteremka chini ya bei ya chokaa na bati, kanuni ilibaki vitabuni bila kitu cha kugawa, na mpangaji wa ghorofa ya chini, mwenye doa linalopanda ukutani na shilingi za mfuko mmoja, akanunua alichoweza kununua.